Mguu Usiovimba

Mguu haukuvimba, na hapo ndipo vigelegele vilipoanza.

Ulikuwa mguu wa kulia wa Émérence, mke wa Floribert Kabamba, umenyooshwa juu ya kigoda sebuleni mwao, katika nyumba ya kampuni ya shaba huko Shituru, mtaa wa Likasi. Wanawake wa kundi la maombi walikuwa wameuinamia kama watu wanaochungulia sufuria. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na matundu mawili madogo yaliyoganda damu. Basi. Hakuna uvimbe, hakuna malengelenge, wala ngozi haikugeuka nyeusi. Na kila mmoja wao alijua nyoka wa kutema mate akimuuma mtu mambo huwaje. Walikuwa wamemwona fundi mwashi wa mtaa wa pili aliyeumwa shambani: mguu ukawa kama gogo, nyama ikaoza mpaka mfupa ukaonekana, na hadi leo anatembelea fimbo.

"Muangalie," alisema Mama Georgette, dada mkubwa wa Floribert, huku akiubonyeza mguu kwa kidole kama anayejaribu parachichi. "Muangalie muzuri! Nyoka ilimuuma tangu asubuyi, na mguu iko paka vile vile Mungu aliiumba!"

"Alleluia!"

"Sumu ilikosa njia," alisema Pasteri Elie, kijana mwembamba aliyevaa koti hata kwenye jua kali. "Nyoka ilitumwa, lakini sumu ilikosa njia. Bantu ba Mungu, munaona ao hamuone?"

"Tunaona!"

Walikuwa wakiutazama mguu, wote. Uso wa Émérence hakuna aliyeutazama. Yeye mwenyewe alikuwa ametabasamu kwa adabu, kama mgeni wa heshima katika sherehe isiyo yake, na kope zake zilikuwa nzito. Alidhani ni uchovu wa hofu. Nani asingechoka?

Siku ilikuwa imeanza kwa njaa, kama siku nyingi za mwaka ule wa 1994. Kiwanda kilikuwa bado kimesimama mahali pake, na Floribert bado alikwenda kila asubuhi kuonesha uso wake getini, lakini mashine nyingi zilikuwa zimenyamaza na mshahara umebaki kuwa kitu cha kusimulia. Émérence alichukua beseni akaruka ukuta wa jirani kwenda kuchuma matembele.

Jirani mwenyewe hakuwepo. Marceline na mume wake walifukuzwa, wakapandishwa treni mwaka uliotangulia, pamoja na wengine wote walioambiwa kwao ni Kasai, ingawa Marceline alizaliwa Likasi, akasoma Likasi, akazaa Likasi, na hiyo Kasai aliijua kwa kuisikia tu. Baada ya treni kuondoka, nyumba yao iling'olewa milango, halafu madirisha, halafu mabati. Nani aling'oa? Watu wa mtaani, hawa hawa waliowapungia mkono. Kiwanja kikaota nyasi hadi kifuani. Bomba lililopasuka likafanya dimbwi, dimbwi likaleta vyura, panya wakahamia kwenye vifusi, na walao vyura na panya wakafuata chakula chao. Lakini matembele ya Marceline yalistawi kuliko ya mtu yeyote, na hakuna aliyeyachuma bila kuona haya kidogo. Waliyachuma hivyo hivyo.

Émérence aliumwa kando ya dimbwi. Alimwona nyoka vizuri, kwani baada ya kuuma hakukimbia mara moja. Aliinua shingo, akamkabili. Mwili wa kahawia, unang'aa kama umepakwa mawese. Kifua cha manjano. Midomo yenye michirizi myeupe na myeusi, iliyopangwa safi kabisa. Halafu akateleza hadi kwenye bomba kubwa la saruji la maji ya mvua, akaanza kuingia.

Kwa kelele za mkewe, Floribert alitoka mbio na beleshi. Lakini yeye alipitia upande wa choo, kwenye vifusi vikavu, na hapo alikutana uso kwa uso na nyoka mwingine, mweusi ti, mwenye ukanda mwekundu chini ya koo. Huyo alisimama, akatema. Mate yakampata Floribert jicho la kushoto, akalia kwa uchungu, lakini hakurudi nyuma. Alipiga, akapiga, akapiga, mpaka nyoka akawa kamba tu. Na wakati anainua beleshi kwa pigo la mwisho, kwa jicho lake zima aliona mkia wa kahawia ukimalizikia ndani ya bomba.

Aliuona. Tuelewane hapo, kwa sababu baadaye watu walijaribu kumtetea.

Mwanamume ambaye kwa miezi mingi hakuleta chochote nyumbani isipokuwa vumbi la viatu vyake, siku hiyo alileta nyoka. Alimning'iniza kwenye beleshi, akapita naye barabarani, na watu wakatoka majumbani kumwona. Walimwita Bwana Kabamba. Tangu lini hawakumwita hivyo! Mtu alimletea kiti. Binti yake Sephora, msichana wa miaka kumi na sita, alimwosha jicho kwa maji mengi, na jicho likabaki jekundu, limevimba, nishani ambayo hakuna aliyeweza kumvua.

Walipokuwa wawili tu chumbani, Émérence alimshika mkono.

"Papa Sephora, haiko ile."

"Haiko ile nini?"

"Nyoka. Ile yangu ilikuwa na kifua ya manjano. Na kinywa ilikuwa na mistari, sawa muntu aliipaka rangi. Iliingia mu tuyau, mu ile bomba ya mayi."

"Woga njo inakuonesha bintu. Nyoka ni nyoka. Haukuona vile ilinitemea?"

"Ilikutemea weye," alisema Émérence. "Minye haikunitemea."

Floribert alitaka kujibu, lakini nje watu walikuwa wanamwita tena, na sauti ya Pasteri Elie ilikuwa juu ya zote. Émérence aliutazama uso wa mume wake, na lile jicho jekundu, na namna mabega yake yalivyokuwa yamenyooka. Akaacha. Alimpenda, na hakutaka kumharibia siku. Ndilo kosa lake pekee katika mambo haya yote.

Nyoka alichomwa kwenye kizingiti cha Marceline, kwa mafuta ya taa yaliyokuwa yamebaki kwenye chupa ya nyumba. Maana ilikwisha kujulikana mtumaji ni nani. Nani mwingine alikuwa na sababu? Pasteri Elie alinyoosha mkono upande wa reli na kupaza sauti: "Mishale irudie mwenye kuituma! Kwa jina!" Wanawake wakaitikia, wengine wakikanyaga majivu kwa visigino. Sephora alisimama nyuma, hakuitikia. Marceline alikuwa akimsuka nywele kila Jumamosi, na mikono yake ilikuwa miepesi.

"Sasa kiwanja iko safi," alitangaza pasteri. "Muingie bila woga. Muchume."

Na wengine waliingia, wakachuma.

*

Adhuhuri ilipofika na mguu ukaendelea kuwa mguu, ikaonekana haifai kumwacha Mungu bila ushuhuda. Wakamwomba Émérence asimame aseme mwenyewe alivyoponywa. Mama Georgette alimshika kiwiko, akamwinua.

"Na... nashu...," alianza Émérence. Ulimi ulikuwa mzito, kama si wake. Alijaribu tena. "Nashu... ku... lu..."

"Eko anasema na luga!" alipiga kelele mwanamke mmoja. "Roho ilisha kumushukia!"

Sebule ikalipuka. Wakapiga makofi, wakaimba, mmoja akapiga kengele ya mkononi sikioni mwake karibu kabisa. Émérence alifungua kinywa na mate yakamtoka, marefu, yakaning'inia kidevuni, naye hakuinua mkono kuyafuta. Shingo ikalegea. Kisha magoti. Akaanguka ubavu, pole pole, na wanawake wakamdaka kwa ustadi wa watu waliozoea kudaka walioanguka katika roho. Wakamlaza kwenye mkeka, wakamfunika kitenge mpaka kifuani, kama wafanyavyo kanisani, na wimbo ukaendelea juu yake.

Sephora alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Aliona kitenge. Alingoja kitenge kipande na kushuka, kama kinavyopanda na kushuka juu ya mtu anayelala. Kilitikisika kidogo tu, halafu kikatulia, halafu kikatikisika.

"Mama hapumue muzuri!"

"Usimuguse," alisema Mama Georgette. "Muache Bwana atumike kazi yake."

"Shangazi, hapumue!"

Aliiacha ndoo ianguke. Maji yakawapitia wote miguuni, wimbo ukakatika. Sephora alikivuta kile kitenge. Macho ya mama yake yalikuwa nusu wazi, hayapepesi. Midomo ilikuwa ya kijivu. Kifua kilikuwa kinakunywa hewa kidogo kidogo, kama mtoto anayelazimishwa dawa.

Hakuna aliyesema Alleluia. Kengele ya mkononi ilianguka, ikagonga sakafu. Floribert aliingia kutoka uani ambako alikuwa akisimulia kwa mara nyingine pigo la mwisho la beleshi. Aliona, akarudi nyuma hatua moja, na mkono wake ukaenda kwenye jicho lake jekundu.

*

Kamionete ya mfanyabiashara mmoja wa unga ilikuwa inapita kwenda mjini. Sephora alisimama katikati ya njia mikono juu, dereva akafunga breki huku anatukana. Wakampakia Émérence juu ya magunia. Pasteri Elie alipanda, Mama Georgette alipanda, Floribert akapanda mwisho. Wanawake wengine walibaki, wakachukua mabeseni kwenda kwa Marceline kuchuma matembele ya jioni. Njia nzima Sephora alikuwa ameishika taya ya mama yake ili ulimi usimzibe, hajui nani alimfundisha.

Hospitali waliyofikia ilikuwa moja ya zile ambazo mgonjwa huja na godoro lake. Dawa ya nyoka haikuwepo, friji yenyewe ilikuwa imefunguliwa mlango ikae kama kabati. Mwuguzi aliyekuwa zamu alikuwa mmoja, Joachim, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Wenzake walikuwa wamekwenda mashambani kutafuta cha kula, na hakuwalaumu. Alimtazama Émérence mara moja tu, akakimbia. Alirudi na mpira wa kupumulisha, wa zamani, umebandikwa plasta pembeni. Akamwekea barakoa yake juu ya pua na kinywa, akabana. Kifua kikapanda. Akaachia. Kikashuka. Rangi ya midomo ikaanza kurudi.

"Nini ilimupata?" aliuliza bila kuacha kubana.

"Nyoka," alisema Mama Georgette.

"Nyoka gani?"

"Ile ya kutema. Ilisha kuchomwa yote. Tuliomba, sumu ikakosa njia, muangalie mguu. Hii ya sasa ni kintu ingine. Ni moyo, ao ni bulozi."

Joachim aliutazama mguu. Tofauti na wengine wote waliouona siku hiyo, yeye hakufurahi hata kidogo.

"Munisikilize muzuri," alisema. "Kuko nyoka mbili hapa kwetu zenye kufanana. Zote mbili zinainua shingo, zote mbili bantu banaziita jina moja. Ile ya kutema inaharibu nyama. Mguu inavimba, inaoza, lakini haifungake muntu pumuzi. Ile ingine inapenda fasi ya mayi, pembeni ya madimbwi. Ile haivimbishe kitu. Inafunga kope, inafunga ulimi, kisha inafunga kifua. Lakini ule muntu eko muzima mule ndani. Eko anasikia. Tukimupumulisha mpaka sumu ichoke, anarudia."

"Na kama ni ya kutema?" aliuliza Pasteri Elie.

"Kama ni ya kutema, basi iliuma bila kutia sumu, na pumuzi ilifungwa na kintu ingine, na minye sikijue, na siko na mashine. Niko na hii mikono mbili. Pale singefanya kitu, mungemupeleka afie mu kitanda yake." Aliinua macho, akabana mpira. "Njo maana nauliza. Ilikuwa gani?"

Na Émérence alikuwa anasikia. Alisikia kila neno, karibu na mbali, hata nzi aliyetembea juu ya paji lake. Alitaka kusema: manjano. Alikusanya nguvu zake zote kwa ajili ya neno moja, kama mtu anayesukuma mlango uliopigwa misumari, na uso wake haukusogea hata kidogo.

Nje dereva alipiga honi.

"Anasema nini ule?" aliuliza Joachim.

"Eko anarudia Shituru," alisema Mama Georgette. Alikuwa amesimama mlangoni, na sura yake haikuwa ya ukatili. Ilikuwa sura ya mtu aliyezika watu wengi mwaka mmoja. "Alisema mugonjwa anabeba, maiti habebe. Floribert, ndugu yangu, unisikilize. Muntu mwenye kupumulishwa na mpira alisha kufa. Tukingojea afie hapa, tutamubeba na nini? Tutamufunga ku kinga, nyuma ya baiskeli, kichwa inaning'inia, bantu banatuangalia njia yote? Vile njo unapenda bibi yako arudie ku nyumba?"

"Ba shangazi, munyamaze!" alisema Sephora.

"Weye njo utamubeba?"

Honi tena.

Joachim alimgeukia Floribert. "Weye njo bwana yake? Weye njo uliua ile nyoka?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa ya kutema?"

"Ilinitemea." Alionesha jicho.

"Naona. Lakini ile uliyoiua njo ilimuuma? Uliona ikimuuma?"

Joachim alibana mpira, akaachia. Akabana tena, akaachia. Floribert aliona mkia wa kahawia unaingia kwenye bomba. Aliona pia kiti alicholetewa, na barabara imejaa watu, na Pasteri Elie amesimama hapa kando yake akingoja, yule yule aliyechoma nyoka asiye na hatia mbele ya mtaa mzima kwa kuamini neno la Floribert. Hakutaka mke wake afe, hilo aliapa baadaye na mimi ninamwamini. Alitaka tu isiwe yeye wa kusema. Alitaka mtu mwingine aseme, au mambo yajiseme yenyewe, kama aibu za nyumbani zinavyojisema zenyewe.

"Ni ile ile," alisema.

"Tuliiona sisi wote," aliongeza pasteri.

Joachim alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Tangu asubuhi alikuwa amezaisha wanawake wawili na kufunga macho ya mzee mmoja, na alikuwa peke yake. "Bon," alisema pole pole. "Basi minye sina jibu ingine." Aliiondoa barakoa usoni mwa Émérence, kwa upole, kama mtu anayemvua mwenzake miwani akiwa amelala.

Kifua hakikupanda.

Waliona wote. Midomo ikaanza kuwa ya kijivu tena, kwanza pembeni. Mama Georgette akafunga macho. Na kutoka kwenye jicho la Émérence lililokuwa nusu wazi, jicho lisilopepesa, chozi likatoka, likateremka polepole kuelekea sikioni.

Sephora alilia kwa sauti ambayo mwuguzi huyo alisema hajawahi kuisikia katika wodi ile, akampiga Joachim kifuani, akaupokonya mpira. Hakujua namna ya kuushika. Alibana, hewa ikatokea pembeni, akabana tena.

"Haiko ile!" alipiga kelele Floribert.

Wote wakamgeukia.

"Haiko ile nyoka! Niliua ingine! Yake ilikuwa ya manjano kifuani, aliniambia, aliniambia yeye mwenyewe asubuyi! Iliingia mu tuyau! Niliiona! Niliona mukia!" Alikuwa anajipiga kichwani kwa viganja. "Niliiona, niliiona, niliiona!"

Joachim aliurukia mpira, akaisukuma barakoa mahali pake juu ya mikono ya Sephora, akabana mara tatu haraka haraka. Kifua kikapanda. Jasho lilikuwa linamtoka puani. "Mungu wangu," alisema, na tena, "Mungu wangu, nilisha kumuacha."

Pasteri Elie alikuwa ameegemea ukuta. "Iliingia mu tuyau?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Tuyau gani?"

"Ya kwa Marceline."

"Basi ingali mule."

Walitazamana. Wote wawili walikumbuka wakati mmoja: wanawake wa kundi la maombi walikuwa sasa hivi katika kiwanja kile, wameinama, bila woga, kwa sababu waliambiwa ni safi. Mama Georgette ndiye aliyekimbia. Alikimbia na kilo zake zote, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, akaidaka kamionete ikiwa imeshaanza kuondoka, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani: "Bakina mama! Mutoke kwa Marceline! Endesha, bwana, endesha!" Dereva, ambaye alikuwa amengoja mgonjwa, alibeba mwanamke mwenye kiatu kimoja. Aliwahi. Hakuna aliyeumwa tena siku hiyo, na bomba likazibwa kwa mawe na vipande vya saruji walivyookota kwenye vifusi vya nyumba ile ile.

*

Walipokezana mpira. Joachim aliwafundisha: usiharakishe, pumua pamoja naye, ukibana wewe vuta, ukiachia wewe toa. Sephora alibana mpaka vidole vikakakamaa. Pasteri Elie alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati, akabana kwa muda mrefu. Hakuomba kwa sauti. Kama aliomba, yalikuwa kati yake na mwenye kuombwa. Alipomaliza zamu yake alikwenda kukaa nje peke yake kwenye ngazi.

Floribert alibana pia. Alibana usiku kucha akipokewa kidogo tu, na hakukubali kulala hata Joachim alipomwamuru. Alipokuwa anabana aliutazama uso wa mke wake kwa jicho lake moja zima, na alikuwa akizungumza naye, mambo madogo madogo, kwamba atarekebisha mlango, kwamba matembele watapanda yao wenyewe. Kuhusu nyoka hakumwambia neno.

Kesho yake jua lilipokuwa limepanda, kope ya kushoto ilitikisika. Kisha kidole kikasogea, kikatafuta, kikashika pindo la gauni la Sephora. Baadaye kifua kilianza kugombana na mpira, kikitaka kupanda kwa wakati wake chenyewe, na Joachim akauondoa na kubaki ameushika hewani, tayari, anangoja. Kilipanda chenyewe. Kikashuka. Kikapanda. Joachim akaanza kucheka, akacheka peke yake kama mlevi, akaenda dirishani akawapa mgongo.

Habari ilifika Shituru kabla ya wao wenyewe kufika. Alasiri wodi ilikuwa imejaa. Mama Georgette alileta uji na kukaa chini sakafuni, hakumwangalia wifi yake usoni. Wanawake wa maombi walisimama mlangoni bila wimbo wowote. Hawakujua ni wimbo upi unaofaa.

Émérence alikuwa ameegemezwa kwenye mto. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa imerudi, na Sephora alikuwa anamnywesha maji kwa kikombe cha bati, kidogo kidogo, akimfuta kidevu. Floribert alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amenawa uso, amefunga vifungo vyote vya shati.

"Mama Sephora," alisema. "Mungu ni mukubwa. Minye sikulala. Uliza Sephora, uliza Joachim. Hii mikono haikupumuzika. Nilikupumulisha weye mpaka jua ikatoka."

"Nilisikia," alisema Émérence.

"Ulisikia?"

"Yote. Nilisikia mulamu yangu Georgette, nilisikia honi ya kamionete. Nilisikia banatosha mpira ku kinywa yangu." Alivuta hewa, na ilikuwa wazi kwamba bado anaivuta kwa hesabu. "Joachim alikuuliza, Papa Sephora. Alikuuliza kama uliona ikimuuma bibi yako. Jibu tulikuwa nalo paka sisi wawili tu, minye na weye. Minye nilikuwa nalo mu kinywa, nalisukuma, nalisukuma, lakini kinywa yangu ilikuwa imekufa."

Alimtazama sawasawa, kwa macho ambayo sasa yaliweza kupepesa na hayakupepesa.

"Kinywa yako ilikuwa na nini?"

Floribert alifungua kinywa. Sephora aliweka kikombe chini, naye akangoja jibu.